Kusafisha, Kukarabati na Kupandisha Hadhi: Istilahi za Kiwanda cha Mafuta

1. Utangulizi

Liuli iko kando ya Ziwa Nyasa, katika sehemu iliyokuwa ya Wilaya ya Mbinga na ambayo sasa ni ya Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma. Hapana kiwanda cha kusafishia mafuta karibu na hapa, wala hapajapata kuwapo. Mafuta yanayoendesha mashine za kusaga na boti huku kwetu hufika kwa barabara, yakiwa yamekwisha kuvuka bahari na kupita katika bandari na matangi mengi. Hata hivyo, ni hapa Liuli ndipo nilipopata somo la istilahi ambalo naona yafaa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali walipime.

Jioni moja niliwafasiria wenzangu wachache habari iliyoandikwa kwa Kiingereza juu ya kiwanda cha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichoacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Nilisema hivi: "Mwekezaji alikusudia kukikarabati kiwanda cha kusafishia mafuta ili kiongeze uwezo na faida. Ukarabati haukufanyika, na kiwanda kikaacha kazi." Mzee mmoja, fundi wa mashine ya kusaga, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, nina maswali mawili. La kwanza, hayo mafuta yana uchafu gani hata yahitaji mitambo ya fedha nyingi namna hiyo kuyasafisha? La pili, mashine yangu mimi nimeikarabati mara nyingi, na fedha zenyewe ni hizi hizi za unga. Hao wenye fedha walishindwaje kukarabati ya kwao?"

Sikuwa na jibu. Nilipokwisha kutafuta nilitambua kwamba mzee hakukosea kuelewa. Mimi ndiye niliyekosea kufasiri. Neno "kusafisha" lilimfanya atafute uchafu, na neno "kukarabati" lilimfanya aone uvivu. Waliosikiliza waliondoka wakiamini kwamba kiwanda kikubwa cha Afrika Mashariki kilikufa kwa kukosa boliti na rangi. Sivyo kilivyokufa.

Makala haya yatajaribu kueleza kazi inayofanyika katika kiwanda cha mafuta, kutofautisha maneno yanayotumiwa kwa mabadiliko ya kiwanda hicho, na kuonyesha kwa mfano wa Changamwe jinsi neno moja lisilo mahali pake linavyoweza kuficha sababu ya jambo zima.

2. Je, mafuta husafishwa?

Mafuta yatokapo ardhini huitwa mafuta ghafi. Ni mchanganyiko wa kampaundi nyingi mno za kaboni na hidrojeni, nyingine nyepesi kama gesi ya kupikia, nyingine nzito kama lami. Ndani yake huwamo pia maji, chumvi na salfa. Hivi vitatu ndivyo vinavyoweza kuitwa uchafu. Chumvi huoshwa kwa maji kabla ya kazi nyingine zote, kwa sababu ikiachwa hula mabomba. Salfa huondolewa baadaye kwa msaada wa hidrojeni, kwa sababu ikiachwa huchafua hewa na kudhuru vyombo vya magari. Kwa hiyo kusafisha kweli kupo, lakini ni sehemu tu ya kazi ya kiwanda.

Kazi iliyo kubwa zaidi ni kutenganisha. Mafuta ghafi hupashwa moto katika tanuri mpaka kiasi cha nyuzi 350 za Selsiasi au zaidi kidogo, kisha huingizwa katika mnara mrefu. Sehemu kubwa hugeuka mvuke na kupanda. Kadiri mvuke unavyopanda ndivyo unavyopoa, na kila kampaundi hurudi kuwa kimiminika mahali panapolingana na joto lake la kuchemka. Juu kabisa hutoka gesi, chini yake petroli ghafi iitwayo nafta, chini zaidi mafuta ya taa, ambayo wavuvi wa usipa waliyajua sana enzi za karabai, kisha dizeli. Chini kabisa hubaki mabaki mazito meusi, ambayo hayakugeuka mvuke.

Kiswahili kina neno la kazi hii tangu zamani: kukeneka. Watu wengi wanalijua kwa habari ya pombe kali, na huenda ndiyo sababu waandishi wa mambo ya viwanda wanalionea haya. Lakini mnara wa kiwanda cha mafuta na mtungi wa mpika gongo vyafuata kanuni moja: kioevu huchemshwa, mvuke huongozwa, mvuke hupozwa. Tofauti ni kwamba mpika gongo anataka zao moja, na kiwanda kinataka mazao mengi kwa mara moja. Naona hapana sababu ya kuliacha neno zuri kwa ajili ya sifa mbaya ya mtumiaji wake mmoja.

Baada ya kukeneka zipo kazi mbili nyingine ambazo hapana budi zipewe majina, maana ndizo kiini cha makala haya.

Ya kwanza hufanywa juu ya nafta. Nafta itokayo mnarani haifai kutiwa moja kwa moja katika injini za magari, kwa sababu namba yake ya okteni ni ndogo. Yaani ikibanwa ndani ya injini hulipuka kabla ya wakati wake. Zamani dawa yake ilikuwa kuichanganya petroli na kampaundi za madini ya risasi. Risasi ni sumu, na nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuacha kuitumia. Kufikia mwanzo wa mwaka 2006 kazi hiyo ilikuwa imekamilika kwa jumla. Njia iliyobaki ni kuzipanga upya molekuli za nafta kwa joto na kichocheo, bila kuzivunja, zikapata umbo lenye okteni kubwa. Mtu aliyewaona wafinyanzi wa Kikisi upande wa Matema, katika ziwa letu hili hili, wakiponda chungu kibichi kilichokwenda upande na kukifinyanga tena kwa udongo ule ule, ameielewa kazi hii. Napendekeza iitwe kufinyanga upya.

Ya pili hufanywa juu ya mabaki mazito. Molekuli zake ni kubwa mno. Zikipashwa joto kali, au joto pamoja na kichocheo, au joto pamoja na hidrojeni kwa mgandamizo mkubwa, huvunjika na kuwa molekuli ndogo za petroli na dizeli. Wengine huita kazi hii kupasua, wengine kuvunja. Mtu anayekula ugali humega bonge kubwa akapata matonge madogo yanayolika, na katika kumega hapana wazo la ajali wala uharibifu, kama lilivyomo katika kuvunja. Napendekeza kumega, na mtambo wake uitwe mtambo wa kumegea.

Sasa tunaweza kumjibu mzee swali lake la kwanza. Kiwanda cha kusafishia mafuta hutenganisha, hufinyanga upya, humega, na pia husafisha. Jina "kusafisha" limekwisha kuenea katika sheria, magazeti na vinywa vya watu, na sioni faida ya kulipiga vita. Lakini mfasiri asilitumie kwa kila hatua. Aandikapo "kiwanda cha kusafishia mafuta" anataja kiwanda kizima; aandikapo juu ya hatua moja, aitaje hatua yenyewe kwa jina lake.

3. Kiwanda, mtambo na kifaa

Tatizo la pili ni la ngazi. Katika lugha ya wahandisi kiwanda kizima kina sehemu kubwa zenye kazi zake: sehemu ya kukeneka, sehemu ya kufinyanga upya, sehemu ya kutoa salfa. Wafasiri wengi huziita sehemu hizo "vitengo". Neno hilo ni halali, lakini katika Kiswahili cha ofisini kitengo kina mkuu wake, karani wake na mhuri wake. Msomaji wa taarifa ya serikali akisoma "kitengo cha kukenekea kiliboreshwa" atadhani kwamba watumishi wamepelekwa masomoni.

Yafaa kutumia ngazi tatu: kiwanda kwa jumla yote, mtambo kwa sehemu yenye kazi moja kamili, na kifaa kwa kitu kimoja ndani ya mtambo, kama vile tanuri, pampu au vali. Mabadiliko yanaweza kufanywa katika ngazi yoyote ya hizo, na gharama yake hutofautiana sana. Kubadili pampu ni kazi ya siku chache. Kujenga mtambo wa kumegea ni kazi ya miaka.

4. Maneno manne ya mabadiliko

Tuje sasa kwenye maneno yaliyoniponza. Kiingereza kina maneno kadhaa kwa mabadiliko ya kiwanda, na nimeona yote yakifasiriwa kwa neno moja: ukarabati, au uboreshaji. Tuyatenganishe.

(a) Ukarabati ni kurudisha kitu katika hali yake ya awali. Paa lililovuja haliruhusu tena maji. Mashine iliyokwama husaga kama ilivyosaga ilipokuwa mpya. Aliyekarabati hakuongeza kitu ambacho hakikuwapo.

(b) Upanuzi ni kuongeza kiasi kinachoweza kupita kiwandani kwa siku. Kilichotoka jana kitatoka na leo, ila kingi zaidi.

(c) Kufungua kibano ni kutafuta mahali pamoja panapozuia kiwanda kizima, na kupapanua hapo tu. Mzee wetu wa mashine analijua jambo hili kuliko mhandisi. Injini yake inaweza kusaga magunia mengi ya muhogo mkavu, lakini ikiwa chekeche lake ni dogo, unga utakaotoka ni ule chekeche linaoruhusu. Kununua injini kubwa zaidi hakutamsaidia. Kubadili chekeche kutamsaidia. Katika kiwanda cha mafuta kibano kinaweza kuwa tanuri lisilotosha kupasha joto, au pampu, au sahani za ndani ya mnara zinazofurika. Nimeona mahali fulani wazo hili likifasiriwa kwa kutaja shingo ya chupa. Tafsiri hiyo yamtaka msomaji ajue lugha nyingine kwanza ndipo aielewe yake. Kibano ni neno letu, nalo latosha.

(d) Kupandisha hadhi ni kukifanya kiwanda kitoe kile ambacho hakikuweza kutoa kabla, au kutoa kingi cha thamani badala ya kingi kisicho na thamani. Usemi huu hatuna haja ya kuubuni. Tunao tayari katika utawala wetu. Twasema zahanati imepandishwa hadhi kuwa kituo cha afya, na kituo cha afya kimepandishwa hadhi kuwa hospitali. Hakuna mwananchi anayedhani kwamba zahanati hupanda hadhi kwa kupakwa rangi, wala kwa kuongezewa mabenchi ya wagonjwa. Hupanda kwa kupata chumba cha upasuaji, maabara, wodi na wataalamu. Yaani kwa kuweza kutibu maradhi ambayo jana ilikuwa ikiyapeleka kwingine. Ndivyo hasa ilivyo kwa kiwanda cha mafuta kinachojengewa mtambo wa kumegea au wa kutoa salfa.

Uboreshaji ni neno la jumla linaloyachukua yote manne. Lina kazi yake, hasa katika vichwa vya habari na pale mwandishi wa asili mwenyewe alipokuwa hataki kusema wazi. Lakini mfasiri anayelikimbilia kila mara humnyima msomaji jambo la msingi: kujua ni badiliko gani linalozungumzwa, na kwa hiyo ni gharama gani na faida gani itarajiwe.

5. Hesabu ya mapipa mia moja

Huenda msomaji akauliza kama tofauti hizi si za wanalugha tu. Tujibu kwa hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, lakini mwelekeo wake ni wa kweli: kwa kawaida mafuta mazito huuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya mafuta ghafi yenyewe, na petroli na dizeli huuzwa kwa bei iliyo juu yake.

Tuseme kiwanda kinanunua mapipa 100 ya mafuta ghafi kwa dola 80 kila moja. Gharama ni dola 8,000. Kiwanda hiki ni cha aina ya kwanza: kinakeneka, kinafinyanga nafta upya, basi. Kinapata mapipa 62 ya mazao mepesi yanayouzwa dola 95 kila moja, na mapipa 35 ya mafuta mazito yanayouzwa dola 60 kila moja. Mapipa 3 huchomwa kuendesha kiwanda chenyewe. Mapato ni dola 5,890 na dola 2,100, jumla dola 7,990. Kiwanda kimepoteza dola 10 kabla hakijamlipa mfanyakazi hata mmoja.

Sasa tukarabati kiwanda hiki kiwe kipya kabisa. Kitapoteza zile zile dola 10, au pungufu kidogo kama tanuri jipya litachoma mafuta machache. Tukipanue kipitishe mapipa 200. Kitapoteza dola 20. Tumepanua hasara.

Sasa tukipandishe hadhi kwa kukijengea mtambo wa kumegea, ambao unamega mapipa 25 kati ya yale 35 mazito na kuyafanya mepesi. Mazao mepesi yawe mapipa 87, mazito 10. Mapato ni dola 8,265 na dola 600, jumla dola 8,865. Ziada ni dola 865 kwa mafuta ghafi yale yale, ambayo humo itatoka gharama ya kuendesha mtambo mpya, mishahara, na deni la ujenzi. Mafuta hayakuongezeka sana. Kilichobadilika ni mgawanyo wa mazao.

Hapa yapo maneno mawili ya kuangalia. Tofauti kati ya thamani ya mazao na bei ya mafuta ghafi tusiiite faida. Faida ni kile kinachobaki baada ya kulipa kila kitu. Tofauti hii ya kwanza napendekeza iitwe ziada ya usafishaji. Vivyo hivyo uwezo wa kiwanda una maana mbili: uwezo uliosanifiwa, yaani ule ulioandikwa katika michoro, na uwezo unaotumika, yaani kiasi kinachopita kweli. Taarifa isiyotenganisha hizi mbili humdanganya msomaji bila ya kusema uongo.

6. Changamwe na Kigamboni

Kiwanda cha Changamwe kilianzishwa na kampuni za Shell na BP. Kampuni yake iliundwa mwaka 1960, na mtambo wa kwanza wa kukenekea ulianza kazi mwaka 1963. Sehemu ya pili iliongezwa mwaka 1974. Mwaka 1971 Serikali ya Kenya ilipata nusu ya hisa. Kwa muda mrefu kilihudumia Kenya na kupeleka mazao yake hata Uganda na nchi za jirani zisizo na bahari.

Kwa maneno tuliyoyaeleza, Changamwe kilikuwa kiwanda cha aina ya kwanza. Kilikuwa na minara ya kukenekea na mitambo ya kushughulikia nafta, lakini hakikuwa na mtambo wa kumegea mabaki mazito. Sehemu kubwa ya kila pipa ilitoka ikiwa mafuta mazito ya tanuri, ya meli na ya mitambo ya umeme. Kilipojengwa hilo halikuwa kosa. Viwanda vingi vya wakati huo vilikuwa hivyo, na mafuta mazito yalikuwa na wanunuzi. Miaka ilivyopita magari yaliongezeka, mahitaji ya petroli na dizeli yakakua, na viwango vya salfa vikakazwa. Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Kiwanda kisicho na mtambo mkubwa wa kutoa salfa kisingeweza kukifikia kiwango hicho hata kama vyombo vyake vyote vingekuwa vipya.

Kilichokiweka hai kiwanda hiki kwa miaka mingi kilikuwa kanuni iliyowalazimu wauzaji wa mafuta nchini kupitisha sehemu ya mafuta yao hapo kwa malipo. Mazao yalipokuwa ghali kuliko yale yaliyoagizwa nje, ghali hiyo iliingia katika bei ya mnunuzi. Wakati huo huo viwanda vikubwa mno vilijengwa ng'ambo ya bahari. Kile cha Jamnagar, India, kina uwezo wa zaidi ya mapipa milioni 1 kwa siku na mitambo mingi ya kumegea. Changamwe kilikuwa kikipitisha takriban tani milioni 1.6 kwa mwaka mzima, kiasi ambacho Jamnagar ingekimaliza katika muda wa majuma mawili tu.

Mwaka 2009 kampuni ya Essar ya India ilinunua nusu ya hisa iliyokuwa ya kampuni za nje. Mpango uliofuata ulitaka kiwanda kipandishwe hadhi na pia kipanuliwe, kifikie tani milioni 4 kwa mwaka. Gharama iliyotajwa ilifikia takriban dola za Marekani bilioni 1.2. Mwaka 2013 washauri waliopima mradi walitoa maoni kwamba usingelipa. Mwezi Septemba mwaka huo kiwanda kiliacha kusafisha mafuta, na mwezi uliofuata Essar ikatangaza kujitoa. Mwaka 2016 Serikali ya Kenya ilizinunua hisa za Essar kwa dola milioni 5. Matangi yake yanaendelea kutumiwa kuhifadhi mafuta.

Msomaji sasa ataona jibu la swali la pili la mzee. Hao hawakushindwa kukarabati. Ukarabati usingekuwa dawa, maana ugonjwa haukuwa uchakavu peke yake. Ulikuwa ni hadhi. Na dawa ya hadhi ilikuwapo, ila bei yake ilionekana kubwa kuliko mapato yatakayotokana nayo.

Hapa nyumbani tunao mfano wa jirani. Kiwanda cha TIPER, kilichojengwa Kigamboni, Dar es Salaam, kwa ushirikiano wa Tanzania na Waitalia, kilianza kazi mwaka 1966. Nacho kiliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990, kikabaki kituo cha matangi ya kupokelea na kuhifadhia. Jina lake la kwanza lilikuwa na neno la kusafisha mafuta ndani yake, ingawa kazi hiyo haipo tena. Kwa hiyo mfasiri aandikapo juu ya TIPER ya leo, aandike "ghala la mafuta" au "kituo cha matangi", asiandike "kiwanda cha kusafishia mafuta" kwa kufuata jina la zamani.

Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, linatufundisha jambo hilo hilo. Lilianza mwaka 1968 likichukua mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Kiwanda cha Indeni, Ndola, kilipoanza mwaka 1973, likageuzwa kuchukua mafuta ghafi. Kiwanda hicho kilipoacha kusafisha, bomba likageuzwa tena, na tangu mwaka 2023 linachukua dizeli. "Bomba la mafuta" ni usemi sahihi kwa vipindi vyote vitatu, na kwa sababu hiyo hautoshi kwa kipindi hata kimoja.

7. Mapendekezo

Kwa muhtasari, maneno yafuatayo yanatolewa kwa wasomaji wayapime, na kwa Baraza liyafikirie:

Kukeneka: kutenganisha mafuta ghafi kwa joto la kuchemka. Mahali pake: mnara wa kukenekea.

Kufinyanga upya: kubadili umbo la molekuli za nafta ili kuongeza okteni.

Kumega: kuzigawa molekuli kubwa za mabaki mazito kuwa ndogo.

Kutoa salfa, kuosha chumvi: kazi za kusafisha kwa maana yake halisi.

Kiwanda, mtambo, kifaa: ngazi tatu, badala ya "kitengo".

Ukarabati, upanuzi, kufungua kibano, kupandisha hadhi: mabadiliko manne, kila moja kwa maana yake. Uboreshaji: jina la jumla la yote.

Mgawanyo wa mazao, ziada ya usafishaji, uwezo uliosanifiwa, uwezo unaotumika: maneno ya hesabu.

Walimu wa sekondari wanaweza kuyajaribu katika somo la kemia kwa kumwuliza mwanafunzi aeleze kila kazi bila kutumia neno "kusafisha". Watumishi wa serikali wanaweza kuyajaribu kwa kuisoma taarifa yoyote yenye neno "uboreshaji" na kuuliza: ni lipi kati ya yale manne? Kama taarifa yenyewe haijibu, basi haijakamilika hata katika lugha iliyoandikwa kwanza.

8. Hitimisho

Mazungumzo ya mafuta yatazidi katika nchi zetu. Uganda inakusudia kujenga kiwanda huko Kabaale, Hoima, chenye uwezo uliosanifiwa wa mapipa 60,000 kwa siku. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na limesanifiwa kupashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda. Hata huku ziwani, tangu mwaka 2012 utafutaji wa mafuta ulipoamsha upya suala la mpaka wa Ziwa Nyasa, watu wa pwani hii wamekuwa wakisikia habari za mafuta ghafi redioni. Mikataba na taarifa za mambo haya huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa. Mwananchi ataamua kama fedha ya umma imetumika vyema kwa kuyategemea maneno ambayo mfasiri amemchagulia.

Nilimrudia mzee nikamweleza habari ya mapipa mia moja, kwa kutumia punje za mahindi juu ya meza yake. Alihesabu mwenyewe mara mbili. Kisha akasema: "Kumbe, Mwalimu, walichokosa si kutengeneza mashine. Walihitaji mashine nyingine, nayo isingerudisha fedha yake. Ungesema hivyo tangu siku ile, nisingewalaumu bure."